Kiungulia kisichokoma: Mfuko wa chakula unapopanda kifuani

WATU wengi wanaosumbuliwa na kiungulia kwa miaka mingi huamini kwamba wana vidonda vya tumbo. Huambiwa hivyo na jirani, huambiwa na muuzaji wa duka la dawa, na wakati mwingine na mhudumu wa zahanati ambaye hana kifaa cha kumwezesha kuona zaidi ya hapo. Humeza dawa za kuua bakteria kwa wiki moja au mbili, hupata nafuu, kisha moto uleule hurudi kifuani usiku wa kwanza watakaolala wakiwa wameshiba. Wapo waliorudia tiba hiyo mara tatu au nne bila kujua kwamba chanzo cha adha yao huenda si kidonda wala bakteria, bali ni mfuko wa chakula uliohama mahali pake.

Hali hiyo ni ngiri ya kifuani. Katika vyeti vya hospitali huandikwa kwa neno la Kilatini, hiatasi, ambalo maana yake ni mwanya. Ngiri inayofahamika zaidi mitaani ni ile ya kinena, ambayo watu wengine huiita mshipa. Hiyo huonekana kwa macho na hushikika kwa mkono. Hii ya kifuani haina uvimbe wa nje, na pengine ndiyo sababu mgonjwa anaweza kuishi nayo miaka kumi bila mtu yeyote kumtajia jina lake.

Ili kuielewa, inafaa kwanza kujua namna kifua na tumbo vinavyotenganishwa. Kati yake pana kiwambo, yaani diaframu, ambao ni msuli mpana uliojipinda kama kuba na unaosaidia kuvuta pumzi. Umio, mrija wenye urefu wa takriban sentimita 25 unaoteremsha chakula kutoka kooni, hupenya katika mwanya wa kiwambo hicho na kuungana na mfuko wa chakula chini yake. Mahali pa maungano pana msuli wa mviringo unaojikaza mithili ya mdomo wa mfuko uliofungwa kwa kamba. Hulegea mtu anapomeza na kujikaza tena tonge linapokwisha kupita. Kiwambo nacho huubana umio kwa nje mahali hapohapo. Kwa hiyo mlango mmoja unalindwa na walinzi wawili wanaosimama bega kwa bega.

Ngiri hutokea pale mwanya huo unapopanuka na sehemu ya juu ya mfuko wa chakula kupenya kuingia kifuani. Hapo walinzi wale wawili hutenganishwa: msuli wa umio huhamia juu, kiwambo hubaki chini, na hakuna kati yao anayeweza kazi hiyo peke yake kama inavyostahili. Tindikali inayosaga chakula hupata njia ya kupanda. Mfuko wa chakula una utando wa kuukinga dhidi ya tindikali hiyo, lakini umio hauna kinga ya namna hiyo. Ndiyo maana huungua.

Ziko aina mbili kuu. Ya kwanza, inayowapata zaidi ya wagonjwa tisa katika kila kumi, ni ile ya kuteleza: maungano ya umio na mfuko wa chakula hupanda na kushuka, hata mtu akipimwa leo inaweza kuonekana na akipimwa kesho isionekane. Ya pili ni adimu lakini ina hatari zaidi. Sehemu ya mfuko wa chakula hupanda na kukaa kando ya umio, na katika hali mbaya mfuko mzima huingia kifuani na unaweza kujisokota, damu ikashindwa kuufikia.

Mwanya hupanuka kwa sababu nyingi. Umri ni mojawapo, kwani misuli na mishikizo yake hulegea, na wengi wanaogunduliwa wamepita miaka 50. Unene wa tumbo ni sababu nyingine kubwa. Kadhalika, chochote kinachosukuma tumbo kwa nguvu kwa muda mrefu huchangia: kikohozi sugu, kubeba mizigo mizito, kujikamua chooni, na mimba. Baadhi ya watu huzaliwa na mwanya mpana, na wengine huupata baada ya ajali.

Suala la kujikamua chooni lina historia yake hapa Afrika Mashariki. Denis Burkitt, daktari wa upasuaji kutoka Ireland, alifika Uganda mwaka 1946 na kufanya kazi huko hadi miaka ya 1960. Jina lake limebaki katika saratani ya taya za watoto ambayo aliieleza mwaka 1958 akiwa Kampala. Baadaye, katika maandishi yake, alidai kwamba ngiri ya kifuani ilikuwa nadra miongoni mwa Waafrika wa vijijini, ilhali Ulaya na Marekani ilikuwa jambo la kawaida. Maelezo yake yalikuwa kwamba mtu anayekula nafaka zisizokobolewa, maharage na mboga hupata choo laini, hivyo hana haja ya kujikamua na kulisukuma tumbo lake juu kila asubuhi. Hoja hiyo haijathibitishwa moja kwa moja, na ni haki kukumbuka kwamba katika hospitali nyingi za wakati ule hapakuwa na kifaa cha kuitafutia ngiri ya namna hii. Hata hivyo, sembe nyeupe na mkate mweupe sasa vimeingia hadi vijijini, na ushauri wa kuepuka kufunga choo unabaki miongoni mwa ushauri anaopewa mgonjwa.

Si kila mwenye ngiri hii huumwa. Wengi hawajui kabisa kwamba wanayo, na hugunduliwa wakipigwa picha kwa sababu nyingine. Aidha, mtu anaweza kupata kiungulia kikali bila ngiri yoyote. Lakini inapoleta dalili, dalili zenyewe hufanana: moto nyuma ya mfupa wa kifua unaozidi mtu akiinama au akilala, maji machungu au makali yanayopanda hadi mdomoni, kubeua kupita kiasi, na kushiba upesi. Wengine hawahisi moto hata kidogo. Wao huamka na sauti iliyokwaruza, kikohozi kikavu cha usiku, au pumu isiyotulia kwa dawa, kwa kuwa tindikali hupanda hadi kooni wakiwa usingizini.

Mkao ndio unaosaidia kuitofautisha na vidonda vya tumbo. Maumivu ya vidonda kwa kawaida hukaa juu ya kitovu, chini ya chembe ya moyo, na mara nyingi hufuata njaa au mlo. Kiungulia cha ngiri hufuata mwili ulivyo. Mama aliyekula vizuri na kukaa wima hana shida, lakini akiinama kufagia ua au kufua nguo, chakula humrudi. Kanuni hii si kamilifu, na mtu mmoja anaweza kuwa na maradhi yote mawili.

Hapo ndipo kipimo cha bakteria huwapotosha wengi. Madaktari wawili wa Australia, Barry Marshall na Robin Warren, walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2005 kwa kuonyesha kwamba bakteria aitwaye Helikobakta ndiye chanzo cha vidonda vingi vya tumbo. Ugunduzi huo umeokoa watu wengi. Lakini bakteria huyo ameenea mno katika nchi zetu, kiasi kwamba kumkuta tumboni mwa mgonjwa si ushahidi kwamba ndiye anayemuumiza. Zaidi ya hayo, kipimo cha damu hutafuta askari wa mwili waliowahi kupambana na bakteria, nao huweza kubaki katika damu muda mrefu baada ya bakteria kutoweka. Mtu aliyekwisha kupona anaweza kupimwa tena, akaambiwa bado anao, akauziwa dozi nyingine. Kipimo cha choo au cha pumzi hueleza hali ya sasa kwa uhakika zaidi. Na hata bakteria akifa, mwanya wa kiwambo hauzibiki kwa vidonge.

Ngiri yenyewe huonekana kwa njia mbili. Mgonjwa hunyweshwa maji mazito meupe ya bariamu kisha hupigwa eksirei wakati yanapoteremka, au huingizwa mdomoni mpira mwembamba wenye kamera hadi kwenye mfuko wa chakula. Kamera huonyesha pia michubuko, vidonda na uvimbe, na huwezesha kukata kipande kidogo cha nyama kwa uchunguzi. Huduma hiyo hupatikana katika hospitali kubwa za rufaa, kama vile Muhimbili, Bugando na KCMC kwa upande wa Tanzania. Watu wengi huiogopa, lakini kwa kawaida huchukua dakika chache, na koo hutiwa ganzi.

Kwa aliye na ngiri ya kuteleza, sehemu kubwa ya tiba iko nyumbani, na huanza na saa ya chakula cha usiku. Familia nyingi hula mlo mkubwa wa siku saa mbili au saa tatu usiku, kisha hulala. Kwa mwenye ngiri hilo ni sawa na kuujaza mtungi na kuulaza ubavu ilhali kizibo chake kimelegea. Anashauriwa kula angalau saa tatu kabla ya kulala, apunguze kiasi, na kama njaa inamsumbua agawe chakula cha siku katika milo midogo minne au mitano. Ugali wenyewe si adui. Tatizo ni wingi wake, saa yake, na mafuta ya kitoweo, kwani vyakula vya kukaangwa hukaa tumboni muda mrefu. Pombe, sigara, kahawa, soda, pilipili, nyanya na machungwa huwasumbua wengine na wengine wala hawawasumbui. Badala ya kukataza kila kitu, inafaa mgonjwa achunguze mwenyewe kwa wiki mbili au tatu ni kipi humletea moto.

Kitanda nacho kinahitaji kurekebishwa. Miguu ya upande wa kichwa iinuliwe kwa matofali au vipande vya mbao, kiasi cha sentimita 15 hadi 20, ili mwili wote ulale kwa mteremko. Kurundika mito hakusaidii, kwa sababu huukunja mwili kiunoni na kuzidi kulibana tumbo. Anayelalia godoro sakafuni anaweza kuingiza chini yake kitu kigumu chenye mteremko kuanzia kiunoni kwenda juu. Kulalia ubavu wa kushoto ni bora kuliko wa kulia: kwa namna mfuko wa chakula ulivyokaa, upande wa kushoto huiacha tindikali chini ya mlango wa umio, na upande wa kulia huileta juu yake.

Mavazi ya kubana hufanya kazi kama mkono unaokamua tumbo. Mkanda uliokazwa, suruali ya zamani iliyombana aliyenenepa, na hata mkaja anaofungwa mzazi ukikazwa kupita kiasi, vyote husukuma tindikali juu. Kazi za kuinama kama kulima kwa jembe la mkono, kupiga deki na kufua zifanyike kabla ya kula, si baada. Kwa mtu mnene, kupungua hata kilo chache huleta tofauti ambayo dawa peke yake huenda isiilete.

Mwezi wa Ramadhani huwaletea wagonjwa hawa mtihani wa pekee, na si kwa sababu ya njaa ya mchana. Taabu huanza jioni, pale uji, mihogo ya nazi, sambusa na maharage vinaposhushwa kwa mpigo katika tumbo lililokuwa tupu, na huongezeka alfajiri, mtu anapokula daku na kurudi kitandani papo hapo. Kufungua kwa tende na kitu chepesi, kuacha kitambo kabla ya mlo mkubwa, na kukaa wima baada ya daku hupunguza sana adha hiyo. Anayetumia dawa kila siku azungumze na daktari kabla ya mwezi kuandama ili saa za kumeza zipangwe upya.

Wajawazito wana maelezo yao. Homoni za mimba huulegeza msuli wa mlango wa umio, na tumbo linalokua huusukuma mfuko wa chakula juu. Kwa wengi kiungulia huisha baada ya kujifungua. Bibi zetu walisema ni dalili ya mtoto mwenye nywele nyingi, na madaktari walikuwa wakicheka, hadi watafiti wa Marekani walipowafuatilia wajawazito 64 na kuchapisha mwaka 2006 kwamba waliopata kiungulia zaidi kweli walielekea kuzaa watoto wenye nywele zaidi. Utafiti huo ulikuwa mdogo, lakini bibi walistahili kuombwa radhi.

Dawa za asili ya jikoni zinahitaji tahadhari. Maziwa baridi hutuliza kwa muda mfupi, kisha huuchochea mfuko wa chakula kutoa tindikali zaidi. Magadi hupoza upesi, lakini yana chumvichumvi inayoweza kumdhuru mwenye shinikizo la damu au ugonjwa wa figo, na gesi yake hulijaza tumbo. Kwa upande wa dukani, vidonge vya kutafuna vyenye magnesiamu na alumini hutuliza kwa saa chache. Hivi huzuia baadhi ya dawa nyingine zisifyonzwe vizuri. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi vya Ukimwi zenye dolutegraviri hutakiwa kuimeza dawa hiyo saa mbili kabla ya vidonge hivyo au saa sita baada yake. Ni jambo ambalo wauzaji wengi hawamwambii mteja.

Dawa zenye nguvu zaidi ni za kundi la omeprazole, iliyoingia sokoni mwishoni mwa miaka ya 1980. Hizi hupunguza utengenezaji wa tindikali na kuuachia umio nafasi ya kupona. Hufanya kazi vizuri zikimezwa takriban nusu saa kabla ya kula, kila siku kwa kipindi alichopanga daktari. Wengi huzimeza baada ya chakula, moto ukishawaka, kisha hulalamika kwamba ni hafifu. Kuzitumia kwa miaka bila uangalizi kunaweza kupunguza vitamini B12 na magnesiamu mwilini, na kuziacha ghafla baada ya muda mrefu huweza kurudisha kiungulia kwa kishindo. Upande wa pili, dawa za maumivu kama aspirini, diklofenaki na ibuprofeni huuchubua mfuko wa chakula na umio. Doksisaiklini ikimezwa kwa maji kidogo na mtu akalala hapohapo, inaweza kukwama na kutoboa kidonda katika umio.

Zipo dalili ambazo haziruhusu kusubiri. Maumivu ya kifua yanayoenea mkononi au kwenye taya, yakiambatana na jasho au pumzi kukatika, yachukuliwe kuwa ya moyo hadi hospitali itakapothibitisha vinginevyo, hata kwa mtu anayejua kwamba ana ngiri. Maumivu makali ya ghafla pamoja na kujaribu kutapika bila kitu kutoka yanaweza kumaanisha kwamba mfuko wa chakula umejisokota, na hapo upasuaji ni wa saa, si wa siku. Kutapika damu au kupata choo cheusi kama lami ni dharura pia. Ngiri kubwa huweza kuvuja damu kidogo kidogo kwa miezi bila mtu kuona chochote, na dalili yake pekee ikawa uchovu na upungufu wa damu usioelezeka.

Chakula kukwama ndiyo dalili inayopaswa kuogopwa zaidi katika ukanda huu. Mashariki mwa Afrika, kuanzia Ethiopia kushuka hadi kusini, ni miongoni mwa maeneo ya dunia yenye saratani nyingi ya umio, na mara nyingi hushika hata watu ambao hawajafika umri wa uzee. Hospitali ya Tenwek iliyopo Bomet, Kenya, imejulikana kwa miaka mingi kwa kuwawekea wagonjwa wa saratani hiyo bomba la kuuzibua umio ili waweze kumeza. Wengi hufika wakati ambapo hakuna lingine la kufanya. Ngiri si chanzo cha aina hiyo ya saratani iliyoenea huku. Shida ni kwamba mtu aliyezoea kusema "ni kiungulia changu tu" huchelewa. Aliyeanza kushindwa kumeza nyama, kisha ugali, kisha akabaki na uji, huku akikonda, anahitaji kipimo cha kamera wiki hiyohiyo. Vinywaji vya moto sana, vyenye nyuzijoto zaidi ya 65, viliwekwa mwaka 2016 na wakala wa utafiti wa saratani wa Shirika la Afya Duniani katika kundi la vitu ambavyo huenda vinasababisha saratani ya umio. Chai iachwe ipoe kidogo.

Upasuaji huwafaa wachache: wale ambao dawa zimeshindwa, wasiotaka kumeza dawa maisha yao yote, na hasa wenye ngiri ya kando ya umio inayowaletea dalili. Daktari huushusha mfuko wa chakula, huushona mwanya ubaki na upana unaotosha, kisha huizungusha sehemu ya juu ya mfuko huo kuuvika umio kama skafu shingoni. Mbinu hiyo ina jina la Rudolf Nissen, Mjerumani mwenye asili ya Kiyahudi aliyewakimbia Wanazi na kwenda Istanbul. Huko mwaka 1936 alimfanyia mgonjwa mmoja upasuaji uliompa wazo hilo, naye aliichapisha mbinu yake mwaka 1956. Tangu mwaka 1991 hufanywa pia kwa matundu madogo na kamera, bila kulipasua tumbo lote.

Baada ya upasuaji mgonjwa hula vyakula laini kwa wiki kadhaa, kwa kuwa mlango mpya huvimba kwanza na kumfanya ameze kwa shida. Hukatazwa kubeba vitu vizito kwa muda. Wengine hugundua kwamba hawawezi tena kubeua wala kutapika kwa urahisi, na hewa huwajaa tumboni. Kwa baadhi yao ngiri hurudi baada ya miaka, hasa wanaonenepa tena au wenye kikohozi kisichotibiwa, na matofali ya kitanda hurudishwa mahali pake.